Je, Maji ya Ubatizo Hufuta Deni?

Mji wa Kamina umejengwa mahali ambapo njia za reli hukutana. Njia moja yatoka Lubumbashi; nyingine yaelekea Kananga na Ilebo; na ya tatu, iliyounganishwa na reli ya Kabalo mwaka 1956, yaelekea Kalemie kwenye ziwa Tanganyika. Treni zimeleta huko chumvi, nguo na sabuni, zikaondoka na mahindi na muhogo wa vijiji. Zimeleta na fedha. Na penye fedha, deni haliko mbali.

Wakulima wa nchi hiyo hupanda mahindi mvua zinapoanza kutulia, mwezi wa kumi na moja au wa kumi na mbili, nao huvuna mwezi wa nne na wa tano. Katikati, mwezi wa kwanza na wa pili, ghala ni tupu na mahindi ya shambani hayajakomaa. Hiyo ndiyo miezi ya njaa, na ndiyo miezi ya kukopa. Baada yake huja Kwaresima, kisha Pasaka, na usiku wa Pasaka wakatekumeni hubatizwa. Kwa sababu hiyo wengi hulifikia birika la Ubatizo wakiwa na deni mgongoni, kabla gunia la kwanza halijajaa.

Mfano mmoja utaonyesha jambo lenyewe. Katika kijiji kando ya reli yupo mtu mwenye mke na watoto wanne. Amefundishwa dini muda mrefu, anajua sala na amri, na jina lake limeandikwa pamoja na wale watakaobatizwa Pasaka. Mwezi wa kwanza mtoto wake wa pili alishikwa na homa kali. Baba alikwenda usiku kwa mjane jirani, muuza samaki wakavu wa Bukama, akamwomba faranga 100,000 ili ampeleke mtoto hospitali. Mjane alifungua kitambaa chake, akahesabu fedha aliyokuwa ameiweka kwa kununulia mzigo mwingine wa samaki, akampa bila kudai faida yoyote. Alisema neno moja tu: "Baba, usinisahau wakati wa mavuno." Mtoto akapona.

Mwezi wa pili mtu yule alikwenda mjini, akakopa faranga 100,000 nyingine kwa mkopeshaji wa faida. Nusu alinunua chakula. Sehemu nyingine alinunua redio, na kilichobaki alikinywa lutuku pamoja na marafiki.

Sasa Pasaka imekaribia. Ndugu zake wanataka karamu: mbuzi, mchele, vinywaji, suti nyeupe kwa baba na vitenge vipya kwa mama. Fedha hakuna. Ndugu yake mmoja amempa shauri: "Kopa tena. Je, mwalimu hakufundisha ya kuwa katika Ubatizo mtu wa kale hufa na mtu mpya huzaliwa? Basi mtu wa kale ndiye aliyekopa. Atazikwa majini pamoja na madeni yake. Mtu mpya hadaiwi kitu."

Wengine husikia shauri hilo wakacheka. Lakini lisichekwe upesi. Limejengwa kwa maneno ya kweli, na uongo uliojengwa kwa maneno ya kweli ndio unaodanganya watu wengi. Yafaa lipimwe.

Ubatizo huondoa nini

Kanisa hufundisha ya kuwa Ubatizo huondoa dhambi ya asili, na dhambi zote ambazo mtu amezitenda mwenyewe, na adhabu yote iliyozistahili. Mtu mzima aliyebatizwa kwa toba ya kweli, akifa saa ile ile, hakuna kinachomzuia kuingia mbinguni. Dhambi ni deni mbele ya Mungu, na yeye aliye mwenye kudai ndiye anayesamehe. Hapo hapana shaka.

Lakini faranga 100,000 za muuza samaki ni mali ya mjane. Mungu husamehe yale aliyokosewa yeye. Hafungui kitambaa cha maskini ili ampe zawadi mkatekumeni. Mtu akiiba mbuzi, kisha akatubu na kubatizwa, dhambi ya wizi imekwisha kabisa. Hata hivyo mbuzi angali wa mwenyewe, na kamba yake ingali mkononi mwa mtu mwingine. Akimshika kesho yake, hali ana nguvu ya kumrudisha, ameanza dhambi mpya. Amri ya saba hukataza kutwaa cha mwenzio. Hukataza vilevile kukishika bila haki. Aliyekopa hakuiba. Lakini awezaye kulipa akakataa, amemkaribia mwizi sana.

Maandiko Matakatifu yana habari inayolingana kabisa na jambo hili. Mtakatifu Paulo alipokuwa kifungoni alimpokea katika imani mtu mmoja aitwaye Onesimo, mtumwa wa Filemoni. Onesimo alikuwa ametengana na bwana wake. Paulo akamrudisha kwake pamoja na barua, na barua hiyo ndiyo fupi kuliko barua zake zote katika Biblia. Humo Onesimo anaitwa mwana, anaitwa ndugu mpendwa. Ni mtu mpya kweli. Hata hivyo Paulo hakuandika ya kuwa hesabu imefutwa. Aliandika ya kuwa, kama Onesimo amemkosea bwana wake au anadaiwa naye kitu, Filemoni aliandike deni hilo juu ya Paulo. Akaongeza kwa mkono wake mwenyewe ahadi ya kulipa.

Mtume aliyewafundisha Wakristu habari za mtu wa kale na mtu mpya ndiye huyo huyo aliyeahidi kulipa deni la mwongofu. Basi ndugu yule wa kijijini ameshika nusu ya mafundisho. Mtu wa kale hufa kweli: yule aliyejificha nyuma ya nyumba alipomwona mdai, yule aliyesema "kesho" mara kumi. Mtu mpya huzaliwa ili afanye yale ambayo wa kale hakuyaweza. Zakayo naye, siku aliyompokea Bwana wetu Yezu Kristu nyumbani mwake, hakusema ya kuwa mambo yake ya kale yamepita. Aliahidi kurudisha mara nne kwa kila mtu aliyemdhulumu, na wokovu ukaingia katika nyumba ile.

Asiyeweza kulipa

Huenda maskini akasikia hayo na kuogopa, akafikiri ya kuwa Kanisa litamfukuza kwa sababu ya umaskini wake. Asiogope. Kudaiwa si dhambi. Kukopa kwa ajili ya dawa ya mtoto ni tendo la baba mwema. Yule asiye na kitu leo hafungwi kulipa leo, kwa maana hakuna anayefungwa kufanya lisilowezekana. Analofungwa nalo ni nia: kukusudia kulipa kwa kweli, kuanza kwa kidogo alicho nacho, na kutomficha uso mwenye kudai. Mwenye nia hiyo na akaribie maji bila hofu. Lakini anayeweza kulipa na hataki, toba yake bado haijakamilika, hata kama amejua katekisimu yote kwa moyo.

Hapa wako wanaosema: "Mjane ni mwema, alipwe. Lakini mkopeshaji wa mjini ni mnyonyaji. Je, naye ana haki?"

Katika miji ya Kongo mikopo ya namna hiyo huitwa na watu "Banque Lambert", na faida yake kwa mwezi mmoja yaweza kufika nusu ya fedha iliyokopwa, hata kupita. Na ihesabiwe. Faranga 100,000 baada ya mwezi wa kwanza zimekuwa 150,000. Zisipolipwa, baada ya mwezi wa pili ni 225,000. Baada ya mwezi wa tatu ni 337,500. Mkopaji amelala, deni halikulala.

Kanisa halikunyamaza mbele ya jambo hilo. Mtaguso wa tatu wa Laterano, mwaka 1179, uliwanyima Komunyo na maziko ya Kikristu wale waliojulikana wazi kuwa walaji wa riba. Wala Kanisa halikukataza tu. Lilitafuta na dawa. Mwaka 1462, katika mji wa Perugia nchini Italia, kwa mahubiri ya Ndugu Wafransisko ilianzishwa nyumba ya kuwakopesha maskini. Maskini aliweka rehani vazi au chombo, akapewa fedha kwa malipo madogo sana, na alipolipa akarudishiwa kitu chake. Mwenye heri Bernardino wa Feltre, Mfransisko aliyekufa mwaka 1494, alizunguka miji mingi akihimiza nyumba kama hizo. Mwaka 1515, wakati wa Mtaguso wa tano wa Laterano, Papa Leo X alizithibitisha, akieleza ya kuwa malipo madogo ya kuwatunza watumishi wa nyumba ile si riba. Shirika hilo hilo la Mtakatifu Fransisko ndilo lililowatuma wamisionari katika nchi ya Kamina katika karne ya 20.

Basi fedha yenyewe iliyokopwa na irudishwe, hata kwa mtu mkali. Kilichozidi kwa unyonyaji, mkopeshaji hana haki nacho mbele ya Mungu. Na akiwa Mkristu, yeye pia ana hesabu ya kurudisha. Lakini mdaiwa asijifanye hakimu wa shauri lake mwenyewe, wala asikimbie usiku. Na apeleke jambo mbele ya wazee na watu wenye busara wa jumuiya, wapatanishe kwa haki. Naye anayekopesha na akumbuke mfano wa Bwana wetu juu ya mtumishi aliyesamehewa talanta 10,000, kisha akamkaba mwenzake koo kwa dinari 100. Dinari moja ilikuwa ujira wa siku moja. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000. Anayebatizwa amesamehewa deni lisilolipika. Je, atamnyima mwenzake hata mwezi mmoja wa kungoja?

Chupa ya mafuta

Namna ya kutoka katika deni yaonyeshwa na habari ya Nabii Elisha. Mjane mmoja alimlilia, kwa maana mdai alikuwa anakuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Elisha alimwuliza ana kitu gani nyumbani. Hakuwa na kitu ila chupa ya mafuta. Nabii akamwambia aazime vyombo vitupu kwa majirani, ajifungie ndani na wanawe, amimine. Mafuta yakatoka hata vyombo vikaisha. Kisha akamwagiza auze mafuta, alipe deni, na yaliyobaki yawalishe yeye na wanawe.

Mwujiza ni kazi ya Mungu, lakini utaratibu wa habari ile wafaa kila nyumba. Kwanza, Elisha aliuliza kilichopo, hakuuliza kinachokosekana. Mdaiwa na akae na mke wake wahesabu pamoja: ni nani anayewadai, kiasi gani, tangu lini, tena kuna nini nyumbani na shambani. Na waandike katika daftari. Deni ambalo mume amemficha mke, au mke amemficha mume, lina sumu mara mbili. Pili, mlango ulifungwa. Kulipa deni hakuhitaji kelele wala fahari; kunahitaji nyumba iliyopatana. Tatu, deni lililipwa kwanza, ndipo watu wakala yaliyobaki. Wengi hugeuza utaratibu huo: hula kwanza, kisha hulipa kwa yaliyobaki, na mara zote hakibaki kitu.

Tena mdaiwa na amwendee mdai kabla ya siku ya ahadi, asingoje kutafutwa. Anayefika na faranga 5,000 na neno la kweli hupata uvumilivu. Anayejificha na faranga 50,000 hupata aibu. Waswahili husema: dawa ya deni ni kulipa. Hawakutaja dawa nyingine.

Mazoea ya mtu mpya

Lakini kulipa deni la kale na kurudi katika njia ya kale ni kufagia nyumba na kuacha mlango wazi. Moyo uliobadilika hutaka mazoea yaliyobadilika.

Kila mkulima anajua ya kuwa mbegu haipikwi. Hata njaa ikikaza, hutengwa juu ya dari kwenye moshi ili wadudu wasiile. Fedha nayo ina mbegu yake. Siku mtu anapouza gunia, na atenge sehemu kabla hajafika penye duka. Wengine husema kipato chao ni kidogo mno kutengwa. Na watazame kidogo kinakokwenda. Anayetumia faranga 1,000 kila siku kwa lutuku, katika siku 30 amekunywa 30,000; toka kupanda hata kuvuna, miezi 6, amekunywa 180,000. Kwa kinywaji cha mwezi wa kumi na moja, ghali ya homa ya mwezi wa kwanza ingalipata mahali pa kuanzia. Haba na haba hujaza kibaba. Na haba na haba hukitoboa pia.

Asiuze mahindi yote wakati wa mavuno, bei inapokuwa chini, kisha ayanunue tena kwa bei ya juu wakati wa njaa. Akiba yake isiwe ya karatasi peke yake. Wazee wanakumbuka mwisho wa mwaka 1979, serikali ilipofuta noti za zaire 5 na 10, na wengi walioficha fedha nyumbani wakabaki na karatasi zisizonunua hata chumvi. Mbuzi, kuku, mahindi yaliyotunzwa vema na jembe jipya ni akiba vilevile. Tena asitafute mali ya siku moja. Mwaka 1991 watu wengi wa Kinshasa walitia fedha katika michezo iliyoahidi kuizidisha kwa muda mfupi. Michezo ile ikaanguka, na fedha haikurudi. Heri likelemba ya majirani wanaojuana, wachangao kiasi kile kile na kupokea kwa zamu. Lakini aliyepokea zamu yake ya kwanza asiache kuchanga, kwa maana tangu siku ile yeye ni mdaiwa wa wote.

Tena na ajifunze kupambanua. Kuna kukopa kwa haja, na kuna kukopa kwa macho ya watu. Wa kwanza humsaidia mtu kuvuka mto. Wa pili humnunulia kiatu cha kuvukia. Wazee wa pwani waliona mwisho wake, wakasema kukopa ni harusi, kulipa ni matanga.

Usiku wa Pasaka

Basi mtu yule wa kando ya reli afanye nini?

Asikope kwa karamu. Usiku wa Pasaka ataulizwa kama anamkataa Shetani, na kazi zake, na fahari zake zote. Itakuwa jambo la ajabu kujibu kwa sauti kuu ya kuwa anazikataa fahari, hali amevaa fahari ambayo haijalipwa. Vazi jeupe ambalo Kanisa humvika mbatizwa ni alama ya roho iliyosafishwa. Wakristu wa kale walilivaa juma zima la Pasaka. Kanisa haliulizi bei yake. Kitambaa cheupe kilichofuliwa vizuri na kuanikwa juani chatosha.

Redio na iuzwe, na fedha yake iende mjini pamoja na wazee wawili, waanze kulipa deni lile linalokua kila mwezi na kupatana juu ya faida. Kisha, kabla ya Jumamosi Kuu, yeye na mke wake waende kwa mjane muuza samaki. Wasingoje mavuno yaishe. Na wampelekee kuku wawili na faranga walizotenga, wamwambie wazi: "Mama, hatukukusahau. Hiki ni mwanzo. Gunia la kwanza litakuwa lako." Labda mjane atalia, labda atahesabu kimya na kufunga kitambaa chake. Ana haki ya hayo yote mawili.

Na karamu? Jirani mmoja ataleta unga wa bukari, mwingine maharage, mwingine majani ya muhogo. Watakula wakaimba, na kesho yake hakuna atakayegonga mlango akidai mbuzi.

Ndugu yule aliyetoa shauri huenda akamwuliza mbatizwa: "Imekuwaje? Wewe ni mtu mpya, na bado unadaiwa?" Jibu lake si gumu. Mtu wa kale alikopa. Mtu mpya analipa. Na mjane, siku ya soko, atapanda tena treni ya Bukama kununua samaki.